Matone mawili yanakutana wapi? Kutafuta mhenga wa karibu kwenye mti wa binari

Ukishuka mlima kutoka mjini Iringa hadi Ipogolo, chini kabisa unaukuta Ruaha Mdogo. Mto huo chanzo chake kiko Mufindi. Ndembera nao chanzo chake kiko Mufindi. Ni majirani waliozaliwa mtaa mmoja, ila walipokua na kuanza safari mmoja alishika njia ya Iringa na mwingine akashika njia ya Madibira kwenda tambarare za Usangu.

Sasa chukua matone mawili ya mvua ya Machi. Moja limeangukia Ndembera, jingine limeangukia Ruaha Mdogo. Yatakutana wapi kwa mara ya kwanza?

Ukijibu "baharini", hujasema uongo, maana yote mawili yataishia Bahari ya Hindi. Ukijibu "Mtera", bado hujasema uongo. Lakini mimi nimeuliza *mara ya kwanza*, na hiyo ni pale Ruaha Mdogo unapoingia Ruaha Mkuu, juu ya bwawa la Mtera. Kabla ya hapo kila tone lilikuwa na njia yake. Baada ya hapo njia ni moja.

Swali hilohilo ndilo watu wa kompyuta wanaloliuliza kwenye mti wa binari: nikikupa nodi mbili (yaani vituo viwili vya mti), nionyeshe mhenga wao wa pamoja aliye karibu nao kuliko wote. Nimewafundisha vijana wengi swali hili, na wengi wanakariri mistari minane ya msimbo bila kujua inafanya nini. Msaili akibadilisha sharti moja tu, wamekwama. Ndiyo maana hapa nitatumia mito. Mto hauhitaji kukaririwa.

Hatua ya kwanza: chora, usiandike msimbo bado

Mti wa binari ni mti ambao kila nodi ina watoto wasiozidi wawili, wa kushoto na wa kulia. Nodi ya juu kabisa ni mzizi. Nodi isiyo na mtoto ni jani. Watu wa kompyuta wanachora mti kichwa chini, mzizi juu na majani chini, kwa hiyo kwenye mchoro wetu Rufiji atakaa juu na chemchemi za Mufindi zitakaa chini. Maji yatapanda karatasi. Zoea tu, hata mimi ilinichukua muda.

Huu hapa mti tutakaoutumia. Kila penye maungano ni nodi yenye watoto wawili:

```
Rufiji
├── Kidatu
│   ├── Mtera
│   │   ├── Makutano
│   │   │   ├── Ihefu
│   │   │   │   ├── Mbarali
│   │   │   │   └── Ndembera
│   │   │   └── Ruaha Mdogo
│   │   └── Kisigo
│   └── Lukosi
└── Rufiji Juu
    ├── Kilombero
    │   ├── Ruhuji
    │   └── Mnyera
    └── Luwegu
```

"Makutano" ni jina nililolipa pale Ruaha Mdogo unapoungana na Ruaha Mkuu. Ihefu ni ardhioevu ya Usangu. "Rufiji Juu" ni pale Kilombero na Luwegu wanapokutana na jina la Rufiji linapoanza. Mtu wa Mbarali atanilalamikia kwamba nimewaacha Kimani, Chimala na mkondo wa juu wa Ruaha Mkuu wenyewe. Kweli nimewaacha, karatasi haitoshi. Na kama mito mitatu ingeungana mahali pamoja, ningeongeza nodi moja ya kati ili kila nodi ibaki na watoto wawili.

Hesabu nodi: ni 15, na kati yake majani ni 8. Kalamu yako iwe karibu, tutarudi kwenye mchoro huu mara nyingi.

Mhenga wa nodi ni nodi yoyote unayoipita ukipanda kutoka hapo kwenda kwenye mzizi. Hapa kuna jambo dogo linalowaangusha wengi: nodi ni mhenga wa nafsi yake. Kwa Kiswahili cha nyumbani hilo halina mantiki, hakuna mtu aliye babu wa nafsi yake. Lakini kwa mto linaeleweka. Tone la Ndembera na tone lililokwisha kufika Ihefu yanakutana wapi? Ihefu palepale. Kwa hiyo mhenga wa karibu wa Ndembera na Ihefu ni Ihefu, si Makutano.

Hatua ya pili: uandike mti

Nitatumia lugha ya programu ya Python kwa kuwa inasomeka hata kwa asiyeijua vizuri.

```python
class Nodi:
    def __init__(self, jina, kushoto=None, kulia=None):
        self.jina = jina
        self.kushoto = kushoto
        self.kulia = kulia

mbarali = Nodi("Mbarali")
ndembera = Nodi("Ndembera")
ihefu = Nodi("Ihefu", mbarali, ndembera)
ruaha_mdogo = Nodi("Ruaha Mdogo")
makutano = Nodi("Makutano", ihefu, ruaha_mdogo)
kisigo = Nodi("Kisigo")
mtera = Nodi("Mtera", makutano, kisigo)
lukosi = Nodi("Lukosi")
kidatu = Nodi("Kidatu", mtera, lukosi)
ruhuji = Nodi("Ruhuji")
mnyera = Nodi("Mnyera")
kilombero = Nodi("Kilombero", ruhuji, mnyera)
luwegu = Nodi("Luwegu")
rufiji_juu = Nodi("Rufiji Juu", kilombero, luwegu)
rufiji = Nodi("Rufiji", kidatu, rufiji_juu)
```

Angalia jambo moja: nodi inawajua watoto wake, haimjui mzazi wake. Ndembera haijui inakwenda wapi. Ugumu wote wa swali umekaa hapo. Kama kila nodi ingemjua mzazi wake, tungepanda tu kwa miguu tukamaliza (na tutafanya hivyo hatua ya sita). Kwa sasa tunaweza kuanzia juu tu.

Hatua ya tatu: njia ya mtu mvumilivu

Njia ya kwanza ambayo akili yoyote inaipata ni hii: tafuta njia kutoka kwenye mzizi hadi nodi ya kwanza, tafuta njia hadi nodi ya pili, ziweke sambamba, kisha tembea nazo mpaka zitakapoachana.

Ndembera: Rufiji, Kidatu, Mtera, Makutano, Ihefu, Ndembera.
Ruaha Mdogo: Rufiji, Kidatu, Mtera, Makutano, Ruaha Mdogo.

Zinafanana mpaka Makutano, halafu kila moja inashika lwake. Jibu ni jina la mwisho lililofanana.

Njia hii ni sahihi na sioni aibu kuitumia. Inatembea mti mara mbili na inahitaji orodha mbili za kuhifadhi njia, basi. Mtu akikuharakisha kwenye usaili, anza nayo, isemee kwa sauti, halafu sema kuna inayotembea mti mara moja.

Hatua ya nne: mimina rangi

Hii ndiyo ninayotaka uielewe mpaka uweze kuiandika ukiwa na usingizi.

Fikiria umemimina rangi kwenye mito miwili: nyekundu kwenye Ndembera, bluu kwenye Ruaha Mdogo. Kisha umesimama Rufiji. Huoni chochote cha juu ya mto. Unachoweza kufanya ni kuwauliza watoto wako wawili: "Kwenu kuna rangi?" Kila mtoto naye anawauliza wa kwake, na wale wanawauliza wa kwao, mpaka swali linafika kwenye chemchemi. Kisha majibu yanaanza kushuka na maji.

Kila nodi ina majibu ya aina nne tu:

Ikiwa yenyewe ndiyo iliyomiminiwa rangi, inajibu jina lake mara moja, haina haja ya kuuliza mtu.

Ikiwa upande mmoja umeleta jibu na upande mwingine ni mkavu, inapitisha jibu hilo kama lilivyo.

Ikiwa pande zote mbili zimeleta jibu, rangi zimechanganyikia hapa. Inajibu jina lake.

Pande zote zikiwa kavu, nayo inajibu kwamba ni kavu. Kwenye Python "kavu" ni `None`. Neno hilo si la kutunga sana: tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu wenyewe umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko wa huko wanajua maana ya `None` kuliko mimi.

```python
def mhenga(nodi, a, b):
    if nodi is None or nodi is a or nodi is b:
        return nodi
    k = mhenga(nodi.kushoto, a, b)
    l = mhenga(nodi.kulia, a, b)
    if k is not None and l is not None:
        return nodi
    return k if k is not None else l
```

Fanksheni, yaani kipande hiki cha msimbo chenye jina, inajiita yenyewe mara mbili, kushoto na kulia. Wengi hapa ndipo wanapoogopa, wanaanza kufuatilia kichwani fanksheni imeingia mara ngapi, wanazama. Usifuatilie. Simama kwenye nodi moja tu na uamini kwamba watoto wako watakujibu kweli. Mwenyekiti wa kijiji akitaka idadi ya kaya hapiti nyumba kwa nyumba, anawauliza mabalozi.

Lakini mara moja katika maisha yako ifuatilie kwa kalamu, kama hivi. `a` ni Ndembera, `b` ni Ruaha Mdogo.

Rufiji anamuuliza Kidatu. Kidatu anamuuliza Mtera. Mtera anamuuliza Makutano. Makutano anamuuliza Ihefu. Ihefu anamuuliza Mbarali. Mbarali si yeye anayetafutwa na hana watoto, anajibu kavu. Ihefu anamuuliza Ndembera. Ndembera: "Mimi hapa." Ihefu ana kavu kushoto na Ndembera kulia, anapitisha "Ndembera". Makutano bado hajajibu, anageuka kulia kwa Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo: "Mimi hapa." Sasa Makutano ana majibu mawili mkononi. Anaacha kutaja jina la Ndembera, anaacha kutaja la Ruaha Mdogo, anataja lake: "Makutano".

Mtera anapokea "Makutano" kutoka kushoto, kutoka kulia Kisigo amesema kavu. Anapitisha. Kidatu: Lukosi ni kavu, anapitisha. Rufiji naye bado atauliza upande wa pili wote, Rufiji Juu, Kilombero, Ruhuji, Mnyera na Luwegu, ingawa jibu analo tayari mkononi. Wote kavu. Jibu la mwisho: Makutano.

Nodi zote 15 zimeulizwa, kila moja mara moja. Mti wa nodi *n* unachukua muda unaolingana na *n*, na kumbukumbu inayolingana na kina cha mti, kwa kuwa kwa wakati wowote wanaosubiri jibu ni wale tu walio kwenye njia moja kutoka juu hadi chini.

Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza swali zuri: "Mwalimu, jina la Makutano likishapatikana, tunajuaje kwamba Mtera hatalichukulia kama ni rangi moja tu iliyofika?" Ukweli ni kwamba Mtera hajui. Yeye anaona jibu moja kutoka kushoto, hajui kama ni nodi iliyotafutwa au ni jibu lililokamilika. Na hahitaji kujua. Kama jibu limekamilika, upande mwingine lazima uwe mkavu, kwa sababu rangi zilikuwa mbili tu na zote zimekwisha kupatikana. Fikiria sentensi hiyo mara mbili, halafu uone hatua inayofuata inavyoivunja.

Hatua ya tano: kama mmoja hayupo

Jaribu kutafuta mhenga wa karibu wa Mtera na Mbarali kwenye mchoro. Fanksheni inafika Mtera, inasema "mimi hapa" na inarudi. Haikushuka chini, Mbarali hakuulizwa kabisa. Upande wa Lukosi kavu, upande wa Rufiji Juu kavu. Jibu: Mtera. Ni sahihi, lakini angalia limekuja kwa mantiki gani: *Mbarali hayuko kwingine kokote, basi lazima yuko chini yangu.*

Lazima? Kiwira unashuka kutoka upande wa Rungwe na kuingia Ziwa Nyasa. Hauingii Rufiji. Hauko kwenye mti wetu.

```python
kiwira = Nodi("Kiwira")
print(mhenga(rufiji, ndembera, kiwira).jina)
```

Inachapisha `Ndembera`. Kwa utulivu kabisa, bila kosa lolote kwenye skrini, programu imekuambia kwamba maji ya Ndembera na maji ya Kiwira yanakutania Ndembera. Mtu yeyote wa Tukuyu angecheka.

Mimi sikucheka. Niliwahi kuandika fanksheni ile fupi kwenye usaili wa kazi, nikaimaliza mapema, nikajiegemeza kwenye kiti. Msaili akauliza taratibu, "Na kama nodi moja haipo?" Nikajibu kwamba itarudisha `None`. Akaniomba niiendeshe. Kazi ile sikuipata, na kusema haki sikustahili.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, uliza: je, nina uhakika nodi zote mbili zimo mtini? Ukiambiwa ndiyo, tumia fanksheni fupi. Ukiambiwa hapana, au ukiona msaili anatabasamu, acha kurudi mapema na uanze kuhesabu:

```python
def mhenga_hakika(mzizi, a, b):
    jibu = None

    def hesabu(nodi):
        nonlocal jibu
        if nodi is None:
            return 0
        n = hesabu(nodi.kushoto) + hesabu(nodi.kulia)
        if nodi is a:
            n += 1
        if nodi is b:
            n += 1
        if n == 2 and jibu is None:
            jibu = nodi
        return n

    hesabu(mzizi)
    return jibu
```

Hapa kila nodi inajibu idadi ya rangi zilizofika kwake: 0, 1 au 2. Nodi ya kwanza kufikisha 2 wakati majibu yanashuka ndiyo mhenga wa karibu. Kama Kiwira hayumo, hakuna nodi itakayofikisha 2, na `jibu` linabaki `None`. Sharti la `jibu is None` linazuia Mtera, Kidatu na Rufiji wasije wakadai sifa ya Makutano, maana nao watahesabu 2. Na kama `a` na `b` ni nodi ileile, inajiongezea mara mbili na kujirudisha yenyewe, jambo ambalo ni sahihi.

Wakati tuko hapa, tazama kwamba kote nimeandika `is` na si `==` kwenye majina. Nina sababu ya kienyeji kabisa. Nyanda za juu kusini zina Songwe mbili. Mmoja ni mpaka wetu na Malawi na unaingia Ziwa Nyasa. Mwingine unapita magharibi ya jiji la Mbeya na kuishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji kwenda baharini. Jina moja, na maji yao hayakutani popote. (Mkoa wa Songwe na uwanja wa ndege wa Songwe vinaongeza utamu wa mkanganyiko kwa mgeni.) Ukilinganisha majina, programu yako itamchukua Songwe wa kwanza itakayemkuta. Linganisha nodi yenyewe. Ikiwa mtumiaji anaandika jina kwa mkono, suala la "Songwe yupi?" limalizwe kabla ya kuingia kwenye fanksheni hii.

Hatua ya sita: kama nodi inamjua mzazi

Wakati mwingine unapewa mti ambao kila nodi ina kielekezi cha mzazi, `mzazi`. Hapo mambo ni mepesi. Panda kutoka `a` hadi juu ukiandika kila unayempita kwenye seti, kisha panda kutoka `b`. Wa kwanza utakayemkuta kwenye seti ndiye.

Kuna njia isiyohitaji seti, nami naipenda kuliko zote kwa uzuri wake:

```python
def kutana(a, b):
    x, y = a, b
    while x is not y:
        x = x.mzazi if x is not None else b
        y = y.mzazi if y is not None else a
    return x
```

Watu wawili wanapanda. Anayemaliza mlima wake anahamia chini ya mlima wa mwenzake na kuanza upya. Ndembera iko hatua 5 kutoka kwenye mzizi, Ruaha Mdogo iko hatua 4, kwa hiyo mmoja akiondoka Ndembera na mwingine Ruaha Mdogo hawatalingana mara ya kwanza. Lakini wakibadilishana njia, kila mmoja atakuwa ametembea njia zote mbili, na jumla ya mwendo inalingana. Fuatilia kwa kidole: wote wawili wanatua Makutano kwenye hatua ya 8. Na kama wako kwenye miti tofauti, wote wanafika `None` kwa pamoja, kitanzi kinasimama, hakuna kuzunguka milele.

Hatua ya saba: mti uliopangwa

Ukisikia "mti wa binari wa kutafutia", ambao thamani ndogo ziko kushoto na kubwa ziko kulia, sahau yote ya juu. Anza kwenye mzizi. Thamani zote mbili zikiwa ndogo kuliko hapo ulipo, nenda kushoto, zote zikiwa kubwa, nenda kulia, vinginevyo umefika. Kwenye mti wa mzizi 40, wenye 20 na 60 chini yake, kisha 10, 30, 50 na 70, mhenga wa karibu wa 10 na 30 ni 20, na wa 30 na 50 ni 40. Kitanzi kimoja, hakuna kujiita, hakuna kumbukumbu ya ziada. Ajabu ni kwamba watu wengi wanapewa mti wa aina hii na bado wanaandika msimbo wa hatua ya nne, kwa sababu hawakusikiliza swali.

Hatua ya nane: mti mrefu na maswali mengi

Mambo mawili ya kazini, ambayo mazoezini hayaonekani.

La kwanza ni kina. Python kwa kawaida inakubali fanksheni kujiita takriban mara 1,000 tu kwa mfululizo, baada ya hapo inagoma. Mti wenye uwiano hautakufikisha huko, lakini mti uliolala upande mmoja kama mnyororo, wenye nodi 5,000, utaanguka. Dawa si kuongeza kikomo. Tembea mti kwa orodha yako mwenyewe kama staki (wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka), ukiandika kwenye kamusi ya Python, yaani jedwali, mzazi wa kila nodi unayoikuta, halafu tumia mbinu ya seti ya hatua ya sita. Nodi ikikosekana kwenye kamusi, umejua pia kwamba haimo mtini.

La pili ni wingi wa maswali. Kuuliza mara moja kwenye mti wa nodi 100,000 si kitu. Kuuliza mara 100,000 kwenye mti huohuo kwa fanksheni ya hatua ya nne ni kazi ya hatua bilioni 10, na chai yako itapoa, hasa Juni hapa kwetu. Andaa kwanza: kwa kila nodi hifadhi mhenga wake wa hatua 1 juu, wa hatua 2, wa 4, wa 8, na kuendelea kwa kuzidisha mbili. Kwa nodi 100,000 safu 17 zinatosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 17 ni 131,072. Kisha kila swali linajibiwa kwa miruko michache badala ya kutembea mti mzima: wasawazishe wawili wawe kina kimoja (wakiwa nodi ileile, hiyo ndiyo jibu), halafu waruke pamoja kwa miruko mikubwa kwanza, bila kukubali mruko unaowakutanisha. Mwishoni mzazi wao ndiye jibu.

Swali hili Alfred Aho, John Hopcroft na Jeffrey Ullman waliliweka rasmi mwaka 1973. Mwaka 1984 Dov Harel na Robert Tarjan walionyesha kwamba ukishaandaa mti kwa muda unaolingana na ukubwa wake, kila swali linaweza kujibiwa kwa muda usioongezeka hata mti ukiwa mkubwa kiasi gani. Si lazima uijue mbinu yao ili upate kazi. Ila kama unatumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, amri ya `git merge-base` inakutafutia jambo la jamaa hii kila unapounganisha matawi mawili: ni wapi kazi yako na kazi ya mwenzako zilikuwa bado kitu kimoja. Historia ya Git si mti wa binari kamili, kwa kuwa mabadiliko yanaweza kuwa na wazazi wawili, lakini swali ni lilelile la matone.

Hatua ya tisa: jaribu kabla hujasema umemaliza

```python
assert mhenga_hakika(rufiji, ndembera, ruaha_mdogo) is makutano
assert mhenga_hakika(rufiji, mbarali, ndembera) is ihefu
assert mhenga_hakika(rufiji, ihefu, ndembera) is ihefu
assert mhenga_hakika(rufiji, kisigo, lukosi) is kidatu
assert mhenga_hakika(rufiji, ruhuji, ndembera) is rufiji
assert mhenga_hakika(rufiji, luwegu, luwegu) is luwegu
assert mhenga_hakika(None, luwegu, mnyera) is None
assert mhenga_hakika(rufiji, ndembera, kiwira) is None
```

Mstari wa tano ndio nautumia kuwapima wanafunzi kwa mdomo kabla hawajagusa kompyuta. Ruhuji unatoka Njombe na Ndembera unatoka Mufindi, na kwenye ramani ya nyanda za juu hayo ni maeneo ya jirani, basi la asubuhi linakufikisha kabla ya saa sita. Karibu kila mmoja ananijibu Ihefu au Makutano. Wachoree Kilombero, watanyamaza.

Kisha badilisha `mhenga_hakika` iwe `mhenga` na uendeshe tena yote. Saba zitapita, ya mwisho itakataa. Ikikataa, uko sawa. Isipokataa, rudi hatua ya nne uangalie uliandika nini kwenye mstari wa pili wa fanksheni.